Wahadhiri 38, wiki sita, mtandaoni: nianzie wapi ili wasiniache njiani?

MchumiKilimo anauliza:

Habari za jioni ndugu zangu walimu.

Nafundisha uchumi wa kilimo kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, huku mikoani, na huu ni mwaka wangu wa 11. Wiki iliyopita Rasi wa Ndaki aliniita ofisini, akanipa barua, akasema, "Dokta, wewe haya mambo unayaweza. Waandalie wenzako mafunzo." Wenzangu hao ni 38, kuanzia wasaidizi wa wahadhiri hadi maprofesa wawili. Mafunzo ni ya wiki sita, yote mtandaoni, kipindi cha likizo ndefu. Barua inasema lengo ni kuwajengea stadi za kidijitali.

Kazi nimeipokea kwa moyo mmoja. Ila nina hofu, maana niliyaona ya mwaka juzi.

Mwaka juzi tuliketi kwenye Zoom siku mbili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwezeshaji alikuwa mtu mwema na mjuzi wa mambo yake, lakini alikuwa anatusomea slaidi. Asubuhi ya kwanza tulikuwa 61, namba hiyo niliiandika pembeni ya daftari. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana tulibaki 9, na watatu kati ya hao waliitwa kwa majina wasiitike. Vyeti tulipata wote. Muhula ulipoanza nikapitia kurasa za kozi za idara yetu kwenye Moodle, ule mfumo wetu wa kufundishia mtandaoni, moja baada ya nyingine. Kozi 27. Kati ya hizo, 22 zilikuwa na jina la kozi na muhtasari wake kwa PDF, basi. Hakuna jaribio, hakuna mahali pa mwanafunzi kuwasilishia kazi. Foleni ya makaratasi milangoni mwetu ikabaki vilevile.

Chumba cha jirani yangu yupo mzee anayefundisha sayansi ya udongo, amebakiza miaka minne astaafu. Ana wanafunzi 430 wa mwaka wa kwanza. Majaribio yake ya kuchagua jibu anayasahihisha kwa mkono, karatasi moja moja, na mafungu yake yamefungwa kwa kamba ya katani chini ya meza. Nimeshamkuta saa mbili usiku na kalamu nyekundu mkononi, macho yamemwiva. Wanafunzi wake wanapata alama za jaribio la kwanza ikiwa imebaki wiki moja waingie mtihani wa mwisho. Walikosea wapi hawajui, na muda wa kujirekebisha umekwisha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hiyo barua.

Rasi amenipa pia mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2017 kuhusu stadi za kidijitali za walimu, DigCompEdu, niufanye mtaala. Nimeusoma wote. Una stadi 22 katika maeneo sita na umeandikwa vizuri. Lakini stadi 22 ndani ya wiki sita, kwa watu ambao baadhi yao hawajawahi kufungua ukurasa wa kozi yao wenyewe, naona ni kutwanga maji kinuni.

Naomba uzoefu wenu. Mlioendesha au kupitia mafunzo ya namna hii, nini kiliwabakiza watu hadi mwisho? Tukutane moja kwa moja, au kila mtu afanye kwa wakati wake? Na kuna jambo ambalo halisemwi vikaoni: aibu. Profesa hawezi kuandika "sijui nibonyeze wapi" kwenye kundi lenye kijana aliyemsimamia tasnifu juzi tu. Hilo mlilitatuaje?

fundi_seva anajibu:

Shikamoo Dokta. Mimi si mwalimu, niko kitengo cha TEHAMA cha chuo kingine, mwaka wa saba sasa napokea simu za wahadhiri.

Mafunzo ya mtandaoni mara nyingi hufia mlangoni, wiki ya kwanza. Mhadhiri amesahau nywila. Anaomba kuiweka upya, ujumbe unakwenda kwenye barua pepe ya chuo, ambayo nayo hajaifungua tangu alipopewa kwa sababu anatumia ile yake ya Yahoo ya tangu enzi za masomo. Anatupigia, ni saa mbili usiku, ofisi imefungwa. Anafunika kompyuta yake. Humuoni tena, na ripoti itaandika "mwitikio hafifu". Ninachokushauri: usitangaze tarehe ya kuanza mpaka majina yote 38 yameingia kwenye mfumo kwa mikono yao wenyewe, kwa kompyuta na kwa simu. Chukua orodha, pita mlango kwa mlango, weka tiki. Itakula siku tatu nne, na hizo usizihesabu kuwa zimepotea.

Huyo mzee wa udongo nimemfikiria sana. Bila shaka maswali yake anayo kwenye Word, ya miaka na miaka. Hana haja ya kuyaandika upya. Moodle inapokea muundo mmoja mwepesi uitwao Aiken. Ni faili la maandishi matupu, linakaa hivi:

Kirutubisho kipi husombwa kirahisi zaidi na maji ya mvua yanayozama ardhini?
A. Fosforasi
B. Naitreti
C. Chuma
D. Kalsiamu
ANSWER: B

Unaruka mstari, unaweka swali linalofuata. Yanayowaangusha watu ni madogo madogo. Swali lote liwe kwenye mstari mmoja. Herufi za majibu ziwe kubwa, zifuatwe na nukta au mabano ya kufunga. Neno ANSWER liwe kwa herufi kubwa, tena usilitafsiri. Na faili lihifadhiwe kama maandishi matupu ya aina ya UTF-8, siyo docx ya Word. Ukipatia hayo, maswali 200 yanaingia kwa mpigo mmoja kwenye benki yake ya maswali, na majaribio yanajisahihisha.

La mwisho: wakumbushe kuacha kubandika matokeo yenye majina kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, na inatumika tangu Mei 2023. Kwenye Moodle kila mwanafunzi anaona alama yake peke yake.

mwalimu_pwani anajibu:

Dokta, hongera na pole kwa pamoja. Nakuandikia kutoka pwani ya Kenya.

Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa mwezi Machi, nilijikuta nafundisha mtandaoni bila kuandaliwa. Nikarekodi mhadhara wa video wa dakika 50 jikoni kwangu, watoto wakiwa wamelala. Nikaanza kuipakia saa tano usiku. Stima ilipotea mara mbili, nikaanza upya mara mbili, kukakucha ndipo ikamalizika. Nikaona nimefanya kazi ya maana. Siku ya tatu mwanafunzi wangu mmoja wa Tana River akaniandikia: "Mwalimu nimeona dakika nne za kwanza, bundles zimeisha. Nitaendelea mama akiuza maziwa." Ujumbe huo sijaufuta mpaka leo.

Nikageukia sauti. Sauti ya mtu anayezungumza, ukiihifadhi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inasikika vizuri kabisa, na saa nzima haifiki megabaiti 15. Nikawa nakata mhadhara vipande vya dakika kumi kumi, na kila kipande nakiambatanisha na kurasa mbili za michoro. Yule msichana alikwenda nami hadi mwisho wa muhula.

Kwa hivyo kabla hujawafundisha wahadhiri wako kutengeneza kitu chochote, wafanye wawe wanafunzi. Wiki nzima ya kwanza waingie kama wanafunzi, kwa simu zao, kwa bundles zao, nje ya Wi-Fi ya chuo. Wape jaribio lenye saa inayohesabu. Wape kazi ya kuandika kwa mkono, waipige picha na kuiwasilisha. Mwalimu aliyetazama duara likizunguka kwenye simu huku dakika za jaribio zinayoyoma hatampangia mwanafunzi wake jaribio la dakika 15 usiku, wakati mtandao umelemewa. Atafungua jaribio siku mbili, kila mmoja alifanye akipata nafasi. Na atajua kwamba programu ya Moodle ya simu inaruhusu jaribio kufanywa bila intaneti na kutumwa baadaye, mradi mwalimu mwenyewe awe ameruhusu hilo kwenye mipangilio. Wengi wetu hatukujua kipengele hicho kipo.

Kukutana moja kwa moja: mara moja kwa wiki, dakika 40 yatosha. Hata Zoom ya bure inakata hapo. Kikao kiwe cha maswali pekee, siyo mhadhara.

Mwananzengo anajibu:

Dokta, niseme ambalo wengine watakuficha. Warsha ya ukumbini watu wanakuja kwa sababu kuna posho na nauli. Mtandaoni posho hakuna, bando ni la mfukoni mwangu, na muda ni wa likizo, ambao wengi tunafanya tafiti na ushauri elekezi tupate ada za watoto. Nikiomba kupandishwa daraja naulizwa machapisho, hakuna anayeniuliza kama nilitunga jaribio zuri. Mimi mwenyewe nimeacha njiani mafunzo mawili ya aina hiyo, na sikuwa mvivu. Zungumza na Rasi kuhusu bando na kuhusu uzito wa cheti kabla hujaandika ratiba.

MzeeWaTakwimu anajibu:

Dokta, nimesoma ulivyoandika kuhusu aibu nikaona nisipite kimya. Profesa huyo unayemsema ni mimi, ila wa chuo kingine.

Nafundisha takwimu tangu 1991. Nilikwepa mafunzo ya kompyuta kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. Aliyenifundisha mwishowe ni msaidizi wa mhadhiri katika idara yetu, binti niliyemfundisha mwaka wa kwanza. Tulikubaliana Jumanne saa nane mchana, ofisini kwangu, mlango umefungwa, nusu saa. Alikuwa anaketi upande wangu wa kushoto, mikono ameikunja mapajani, na kwa wiki zote tano hakugusa kipanya hata mara moja. Nikikosea ananyamaza, ananiacha nitafute. Nikimuuliza ananijibu kwa sauti ndogo, "Profesa, tazama juu kulia." Vijana wengi huchukua kipanya, wanabonyeza mara sita upesi upesi, wanasema "tayari, umeona?" Hapo mtu mzima hajaona kitu, na hatauliza tena.

Lakini kilichonibadilisha hasa ni swali la saba. Nilitunga jaribio langu la kwanza kwenye Moodle, maswali 20, wanafunzi 212. Lilipokwisha binti akanionyesha ukurasa wa takwimu za jaribio. Kuna safu inayoonyesha ni sehemu gani ya wanafunzi walipata kila swali, na nyingine inayopima kama waliofanya vizuri kwa ujumla ndio waliolipata swali hilo. Safu hiyo ya pili, kwenye swali la saba, ilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Maana yake ni kwamba waliokosa ni wale wanaojua somo. Wanafunzi 161 walichagua jibu B, wakiwemo kumi bora wote. Nikalisoma swali langu upya, polepole. Lilikuwa na kanusho mbili ndani ya sentensi moja. Kwa lilivyoandikwa, B ilikuwa sahihi na jibu langu ndilo lilikuwa na makosa.

Swali hilo nilikuwa nalitumia kwa miaka 14.

Nilikuwa nasahihisha kwa mkono muda wote huo, kwa hiyo sikupata kuyaona majibu ya darasa zima kwa pamoja. Mimi, mwalimu wa takwimu. Jioni ile sikwenda nyumbani mapema. Nilikaa nikiwafikiria wote walioandika jibu la kweli nikawawekea mkasi.

Usiwaambie wazee habari za stadi za karne ya 21. Waonyeshe swali la saba. Na wapange wawili wawili kutoka idara tofauti, ili mtu asifundishwe na mwanafunzi wake asipotaka mwenyewe.

mkufunzi_masafa anajibu:

Nakazia moja tu, nina kipindi. Elimu ya masafa si ngeni kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kabla wengi hatujaiona intaneti, na wanafunzi walihudumiwa kupitia vituo vya mikoa. Tulichojifunza wote tulio kwenye kazi hii ni kwamba mtu anayesoma peke yake huacha kimyakimya. Profesa Gilly Salmon wa Uingereza alipanga ngazi tano za kujifunza mtandaoni, na mbili za kwanza hazina somo lolote ndani yake: ya kwanza ni kuingia na kupata hamu, ya pili ni watu kuzoeana. Somo linaanza ya tatu. Wengi wetu tunaanza na ya tatu.

Mtu akikosekana siku tatu, mpigie. Usimwandikie ujumbe wa kundi. Mpigie, umsalimie, uulize hali ya nyumbani, kisha uulize amekwama wapi. Watu 38 unawamudu.

MchumiKilimo anajibu:

Marahaba fundi, na asanteni nyote. Nimekaa na majibu haya siku nne.

Mwananzengo, nilirudi kwa Rasi. Posho haipo, hilo alisema wazi. Bando la mwezi mmoja na nusu kwa watu 38 amekubali. Na tumekubaliana cheti hakitolewi kwa kuhudhuria: kitatolewa kozi ya mhadhiri ikiwa imesimama kwenye mfumo, na wanafunzi wake wa muhula unaofuata wameshafanya jaribio moja ndani yake. Kuhusu kupanda daraja hakunipa jibu. Nitaliandika kwenye ripoti, tena kwa namba.

Stadi 22 nimeziweka kando. Nimebaki na mambo matatu: jaribio linalojisahihisha, mahali pa kuwasilisha kazi na kurudishiwa maoni, na vipande vya sauti vyepesi. Kila mtu atatumia kozi yake halisi na maswali yake halisi. Wiki ya kwanza ni ya kuwa wanafunzi, kama alivyosema mwalimu wa pwani, kwa simu na nje ya Wi-Fi. Wapenzi wa akili bandia watakuwa na hamu, najua, tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 kila kikao cha idara kinaishia huko. Nitawaomba wasubiri. Asiyejua wanafunzi wake walikosa swali lipi ana kazi ya karibu zaidi ya kufanya.

MzeeWaTakwimu, shikamoo. Nimeisoma habari ya swali la saba mara tatu, na kwa ruhusa yako nitaisoma kwenye kikao cha kwanza bila kusema ni ya nani.

Sasa niwaambie la juzi. Nilimgongea mzee wa udongo nikiwa na kompyuta yangu mpakato. Nikamwomba faili moja tu la maswali ili nijaribu. Akanipa la maswali 40. Tuliligeuza pamoja kuwa Aiken, yeye ameshika kipanya, mimi mikono nimeiweka mapajani kama yule binti. Ilikuwa kazi kwangu, vidole vilikuwa vinaniwasha nimsaidie. Mara ya kwanza likakataa. Majibu yake yote yalikuwa kwa herufi ndogo, a, b, c, d, kama alivyozoea tangu enzi za taipureta. Akabadilisha moja moja, hakutaka njia ya mkato. Ikamchukua dakika 25. Akapakia tena.

Yakaingia yote 40. Akayahesabu kwenye skrini kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Alipofika mwisho akavua miwani, akaipangusa na shati, akaniuliza, "Na yale ya zamani?" Akavuta mtoto wa meza. Flashi tisa, kila moja imefungwa karatasi yenye mwaka kwa mwandiko wake, ya kwanza 2009.

Tunaanza naye Jumatatu, kabla ya wengine.

fundi_seva anajibu:

Dokta, nimefurahi kweli. Hizo flashi tisa, kabla hujazichomeka kwenye kompyuta yako, zipitishe kwanza kwenye mashine yenye antivairasi mpya, za miaka hiyo hubeba mengi. Kisha nakili kila kitu sehemu mbili kabla hamjaanza kubadilisha chochote, maana flashi ya 2009 inaweza kufunguka leo ikagoma kesho. Kama kuna mafaili ya Word ya zamani yanayokataa kufunguka, jaribu LibreOffice, ni ya bure na huyafungua mengi ambayo Word mpya huyakataa. Ukikwama nitumie ujumbe, Jumamosi niko zamu.